Rehema ya Mwaka Mmoja Zaidi

Mkulima wa Nunguni ataufahamu upesi mfano wa mtini ulio katika Injili ya Luka, sura ya 13. Mwenye shamba alitafuta matunda miaka mitatu asipate, akaamuru ukatwe. Mtunzaji akauombea mwaka mmoja zaidi, apate kuupalilia na kuutilia samadi.

Misheni ya Africa Inland nayo ilikuwa mtini wa namna hiyo. Peter Cameron Scott alimzika ndugu yake katika Kongo, akaugua, akarudi Uingereza. Walakini mwaka 1895 alikuja tena Afrika, akaanzisha kituo Nzaui, kisha Sakai, Kilungu na Kangundo. Desemba 1896 akafariki. Wenzake wengine walikufa, wengine wakaondoka, hata mwaka 1899 akabaki mmoja tu. Nani asingalisema mti umekauka? Lakini wengine walikuja, na leo Kanisa hilo limeenea Kenya nzima.

Basi, ndugu msomaji, mwaka wa rehema si ruhusa ya kulala. Mfano hausemi kwamba shoka limetupwa. Ni mwaka wa jembe na samadi. Na jirani aliyeanguka akatubu, tusimnyime mwaka aliopewa na Mungu.