Embe la Stesheni na Tiketi ya Meli

Treni ya kutoka Dar es Salaam ikiingia stesheni ya Tabora haina haraka ya kuondoka. Hapa ndipo njia zinapoachana: wa Mwanza wanashika kaskazini, wa Kigoma magharibi, na wa Mpanda wanauliza treni yao iko wapi. Wakati mabehewa yanapangwa upya, kina mama wa karanga, maembe na asali wanazunguka chini ya madirisha. Mimi huwa natazama bei zao kuliko ninavyoitazama treni. Mwenye embe zilizoiva anaanza juu. Dakika zikisogea anashuka. Honi ikilia, fungu la embe nne linapata la tano la nyongeza, na magurudumu yakianza kubiringika unamwona anakimbia sambamba na dirisha akitaja nusu ya bei. Mwenye asali, chupa zake kazipanga kwenye beseni, hata hageuki. Bei aliyoanza nayo ndiyo anayorudi nayo nyumbani, maana treni ya kesho kutwa itaikuta asali vilevile ilivyo.

Chumba cha meli ya kitalii ni embe.

Nilimwambia hivyo jirani yangu wa mtaa wa Isevya, mwalimu mstaafu, alipokuja na karatasi zake asubuhi moja. Binti yake anaishi Uholanzi na anataka kuwapandisha wazazi wake meli ya siku saba kutoka Barcelona. Wanachangiana: binti nusu, mzee nusu kutoka kwenye kiinua mgongo chake. Baada ya salamu ya mwangaluka na habari za mvua, aliniuliza moja kwa moja: "Mwanangu, wewe umezeekea kwenye hesabu za nauli. Nilipe sasa, au ningoje ishuke?"

Jibu la vitabuni ni fupi. Meli ikiondoka gatini na chumba kitupu, chumba kile hakiuziki tena milele. Gharama za safari, yaani mafuta, mabaharia, wapishi na ada za bandari, karibu zote zimeshalipwa, chumba kiwe na mtu au kisiwe naye. Tena abiria aliyeingia kwa bei ya chini ataendelea kutoa fedha humo ndani: vinywaji, kamari, picha, ziara za nchi kavu. Ndiyo maana kampuni za meli huona afadhali kujaza vyumba kwa bei ya chini kuliko kuviacha vitupu, na ndiyo maana bei hupanda na kushuka kwa namna inayomchanganya mtu aliyezoea nauli iliyobandikwa ukutani.

Kupanda na kushuka huko kuna majira. Kuanzia Januari hadi Machi, wakati watu wa Ulaya na Marekani wako kwenye baridi wanaota likizo ya kiangazi, kampuni hushindana kwa ofa, na vyumba vya kuchagua bado vipo. Kisha inakuja tarehe ya malipo ya mwisho, ambayo kwa kawaida ni kati ya siku 60 na 120 kabla ya safari, kutegemea kampuni na urefu wa safari. Hapo waliokuwa wameshika nafasi kwa arubuni tu hulazimika kulipa au kuachia. Mawakala waliozuia vyumba vingi kwa ajili ya makundi huvirudisha. Kwa wiki chache vyumba hufurika sokoni, na meli ambayo haijajaa huanza kushusha. Hiyo ndiyo honi ya stesheni.

Mwalimu akafurahi. "Basi tungoje honi."

Hapana. Na sababu yake iko hapa hapa Tabora, haihitaji kwenda Barcelona.

Katika karne ya 19 mfanyabiashara aliyetaka kupandisha vitambaa na shanga kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, alikuwa anatafuta nafasi kama wewe unavyoitafuta, ila nafasi yenyewe ilikuwa bega la mtu. Mzigo wa pagazi ulikuwa kama frasila mbili, kilo 32 hivi. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na Mnyamwezi alikuwa mkulima kwanza. Mavuno yakiisha na njia ikikauka, vijana walishuka pwani na pembe za ndovu. (Wapo pia walioshuka njia hiyo hiyo wakiwa wamefungwa, ambao hakuna aliyewauliza ujira, habari yao haiingii kwenye hesabu hii ya nauli.) Wakiwa pwani, vijana hao walikuwa na jambo moja ambalo mfanyabiashara mjanja alilifahamu: lazima warudi nyumbani kabla ya msimu wa kulima. Safari ya kurudi wangeifanya hata bila mzigo. Ukiwakuta hapo na vitambaa vyako vimeshafungwa mitumba, unawalipa kwa safari ambayo wao wenyewe wanaitaka. Ukichelewa, wameondoka, na sasa unabaki kutafuta watu wa pwani wanaolipwa kwa mwezi, ambao hawana shamba linalowaita upande wa huko.

Mpelelezi Mwingereza Richard Burton alilionja hilo mwaka 1857. Alihesabu kwamba anahitaji wapagazi 170, akapata 36. Ikabidi anunue punda, na mizigo mingine aiache nyuma ifuatie baadaye. Aliondoka Kaole tarehe 27 Juni na kuingia Kazeh, yaani Tabora hii, tarehe 7 Novemba, siku ya 134. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alifanya kinyume cha ushauri wote: aliondoka Bagamoyo Machi 1871, masika yakianza, akapita matope ya Makata, na bado alifika Unyanyembe Juni, miezi mitatu tu. Alikuwa na fedha ya gazeti la New York mfukoni na aliigawa safari yake misafara mitano iliyotangulizana. Kwa hiyo majira siyo kila kitu. Mwenye fedha huyanunua. Lakini mimi naandika kwa ajili ya wasio na gazeti nyuma yao.

Hilo la watu wanaorudi kwao ndilo darasa lenye faida kuliko yote niliyoyajua katika kazi hii, na meli za leo zinalifuata bila kujua. Meli nyingi zinazozunguka visiwa vya Karibi wakati wa baridi lazima zihamie Bahari ya Mediterania ifikapo kiangazi cha Ulaya. Mwezi wa nne hivi zinavuka Atlantiki, na Oktoba na Novemba zinarudi. Safari hizo za kuhama huuzwa kwa bei ambayo kwa usiku mmoja huwa chini sana ya safari za kawaida, kwa sababu meli itakwenda tu, wewe uwepo usiwepo. Unakaa siku sita au saba huoni nchi kavu, na unashuka mbali na ulikopandia. Ni pagazi wa Kinyamwezi anayerudi Unyamwezi: mzigo wako umempata njiani kwake. Anayeuliza bei nafuu ni lini, aanze kuuliza chombo kinaelekea wapi na kwa nini.

Sasa turudi kwenye kungoja. Machi 1872 Stanley aliagana na mmisionari David Livingstone pale Kwihara, mwendo mfupi kutoka mjini, ambako tembe lililojengwa upya ni makumbusho leo. Stanley alikwenda pwani amtafutie watu. Livingstone aliwangoja. Akangoja Aprili, Mei, Juni, Julai. Aliondoka tarehe 25 Agosti. Hakuwa mvivu; hakuwa na wapagazi, na wapagazi walikuwa umbali wa miezi. Miezi yote hiyo watu wake walikula. Kungoja kuna posho yake, na posho hiyo huwa haiandikwi kwenye bei.

Ofa za dakika za mwisho zimetengenezwa kwa ajili ya mzee wa Florida mwenye nyumba nusu saa kutoka bandari ya Miami. Akiona bei imeshuka Jumanne, Jumamosi yuko melini na sanduku lake. Mwalimu wangu wa Isevya yuko wapi? Kwanza anahitaji viza ya Schengen. Maombi yake hupokelewa si mapema zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, wala si chini ya siku 15; uamuzi wa kawaida ni siku 15 lakini unaweza kufika 45. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudi ukikataliwa. Kama meli itatia nanga Tunis katikati ya safari na kurudi Ulaya, basi ametoka Schengen na anaingia tena, hivyo viza ya kuingia mara moja itamwacha pabaya. Nimeshuhudia familia ikigundua hilo mlangoni mwa meli, na wakala aliyewauzia hakuwa amesema neno. Kisha kuna ndege ya kumtoa Tabora hadi Dar, na ya Dar hadi Ulaya, ambayo nayo ni embe, ila embe linaloenda kinyume: kadiri siku ya safari inavyokaribia, viti vya bei ya chini vinakwisha na vya juu ndivyo vinavyobaki. Ukiokoa dola 200 kwenye meli kwa kungoja, ukazilipa mara mbili kwenye ndege, umefanya biashara ya nani?

Kwa hiyo kwa mtu wa huku ushauri wangu ni tofauti na ule unaoandikwa kwa Wamarekani. Shika nafasi mapema, mwaka mmoja au miezi tisa kabla, kwa nauli ambayo arubuni yake inarudishwa. Zipo nauli mbili mara nyingi: isiyorudishwa, ambayo ni nafuu kidogo, na inayorudishwa. Chukua ya pili mpaka viza itoke. Tia alama tarehe ya malipo ya mwisho kwenye kalenda, na kabla haijafika, kila mwezi angalia chumba kile kile kinauzwaje. Kikiwa kimeshuka, mwambie wakala akupe bei mpya. Kampuni nyingi hukubali ukiwa hujamaliza kulipa, na zisipokubali unaachia na kushika upya. Hapo umepata nusu ya faida ya kungoja bila kukaa Kwihara.

Na tarehe yenyewe ichague kwa kufuata mashamba ya wengine. Msimu wa kulima wa Wazungu ni shule. Julai na Agosti watoto wako likizo na bei iko juu. Aprili mbali na Pasaka, au mwishoni mwa Oktoba, meli ni ile ile na bahari ni ile ile, baridi kidogo. Wiki mbili za mwanzo za Desemba huko Karibi huwa rahisi kwa sababu kila mtu anaweka fedha kwa ajili ya Krismasi.

Jambo la hongo, yaani ushuru wa njiani, sikumficha. Msafara ukiingia Ugogo, kila mtemi alidai kitambaa chake kabla ya kuruhusu watu wanywe maji, na mfanyabiashara aliyepiga hesabu ya wapagazi peke yao alifika Unyanyembe akiwa na mitumba michache kuliko alivyodhani. Meli nayo ina Ugogo wake: tozo za bandari, bakshishi ya wahudumu inayokatwa kila siku kwa kila kichwa, intaneti, maji ya chupa. Bei ya tangazo ni ya mtu mmoja kwenye chumba cha wawili. Ukienda peke yako unaweza kulipa karibu mara mbili. Mwalimu na mama hawana shida hiyo, angalau.

Na njia inaweza kufungwa. Mwaka 1871 vita vya mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe viliifunga barabara ya Ujiji, Stanley akalazimika kuzunguka kusini. Kuanzia mwishoni mwa 2023 mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalizifanya kampuni nyingi za meli za kitalii kufuta safari au kuzizungusha Afrika nzima. Ndiyo sababu nyingine ya kupenda arubuni inayorudi.

Mwalimu alisikiliza, akakunja karatasi zake, akauliza la mwisho: kwa nini Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, haikuwa na mambo haya yote? Aliipanda ujanani kutoka Kigoma, daraja la tatu. Nikamweleza kwamba nauli ya Liemba, kama ya treni ya hapa, ilikuwa asali: imepangwa, imebandikwa, na aliyekata tiketi mapema alinunua uhakika wa kulala, hakununua punguzo. Nikamwongezea kitu kilichomfurahisha kuliko hesabu zote. Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, katika kiwanda cha Meyer, ikafunguliwa vipande, ikafungwa kwenye makasha kama 5,000 na kupitishwa kwa reli hii hii ya Tabora kwenda kuungwa upya Kigoma. Kiwanda hicho kipo bado. Kazi yake leo ni kuunda meli kubwa za kitalii.

"Kwa hiyo hiyo ya Barcelona yaweza kuwa ndugu yake Liemba?"

Yaweza. Alichukua simu akampigia binti yake pale pale, na nilimsikia akimwambia atafute iliyotoka Papenburg, Aprili baada ya Pasaka, chumba chenye dirisha, na aulize kama mama ataruhusiwa kupanda na chupa yake ya asali.