Mzunguko wa Mpira wa Gofu: Kiasi Gani Chafaa?

Je, Kiswahili chaweza kumweleza msikilizaji wa Chundwa, kisiwani Pate, mchezo wa gofu, ilhali kwao hakuna kiwanja chake? Makala haya yanashikilia kwamba chaweza, iwapo tutaanzia kwenye anayoyajua: upepo, umande na mpira.

Weji ni fimbo fupi yenye uso uliolazwa nyuma, ya kupigia mpira ulio karibu na shimo. Uso huo huukwaruza mpira na kuuzungusha kinyumenyume. Pigo kamili la mchezaji stadi huweza kuuzungusha takribani mara 9,000 kwa dakika. Mzunguko huo huuinua mpira hewani, na utuapo huuzuia usibingirike mbali.

Hata hivyo, wingi si ubora. Mpigaji akabilipo upepo wa kusi, mzunguko mwingi huupandisha mpira juu mno, ukaanguka kabla ya kufika. Penye ardhi laini, waweza kurudi nyuma na kuliacha shimo. Mzunguko mdogo nao huufanya upitilize. Majani yenye umande yaingiapo kati ya mpira na fimbo, msuguano hupungua. Ndiyo maana uso wa weji huchongwa mifuo ya kupitishia maji. Kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2010 ziliiwekea mifuo hiyo mipaka.

Kwa hiyo, mzunguko unaofaa ni ule ambao mpigaji aweza kuukadiria na kuurudia. Istilahi nazo ni vivyo hivyo: hufaa zimfikishapo msikilizaji palipokusudiwa.