Kuhama si Kuhamia

Umezuka ushauri ambao siku hizi hutolewa kwa kila mtu anayekaribia kustaafu, kwa kila kijana aliyepata kazi yake ya kwanza, na kwa kila Mkenya anayerejea nyumbani baada ya kuishi ughaibuni miaka mingi. Ushauri wenyewe ni huu: usikubali kuishi popote ulipotupwa na kazi au na urithi. Tafuta mahali ambapo watu wanayathamini yale unayoyathamini wewe, wanaishi vile unavyopenda kuishi, kisha uende ukakae huko. Ni ushauri mtamu masikioni. Nani asiyetamani majirani wanaofikiri kama yeye? Hata hivyo, yafaa tuupime kabla ya kuufuata, kwa sababu katika nchi yetu jambo hili lina historia, na historia hiyo haikosi machozi.

Kazi yangu ni kufundisha isimu, kwa hiyo msomaji ataniwia radhi nikianza na maneno yenyewe. Kiswahili kina kitenzi kuhama na kina kitenzi kuhamia. Kinachovitofautisha ni sauti moja tu, ile -i- ya kauli ya kutendea, lakini sauti hiyo humgeuza msemaji uso. Asemaye 'nimehama' anatazama nyuma, kule alikotoka. Asemaye 'nimehamia' anatazama mbele, kule alikofika. Wengi wetu huhama bila kamwe kuhamia. Tunakimbia kelele, uchafu, wezi na majirani wasiosalimu, tunanunua ploti, tunajenga nyumba na kuizungushia ua mrefu. Miaka kumi baadaye bado tunaweza kueleza kwa ufasaha tulikimbia nini, lakini hatuwezi kumtaja kwa jina hata jirani wa tatu kutoka kwetu.

Hebu tuutazame mji wa Keroka, ulio kwenye barabara kuu itokayo Kisii kuelekea Sotik. Ni eneo la nyanda za juu, mvua haikosekani, na mashamba ya majani chai na migomba hufika hadi karibu na maduka. Mpaka wa kaunti za Kisii na Nyamira umeugawa mji huo. Mtu akiuliza wenyeji wa pale ni nani, atajibiwa pasi na kusita kwamba ni Abagusii. Jibu hilo ni sahihi, ila halijakamilika. Masimulizi ya Abagusii wenyewe yanaeleza kwamba mababu zao walitoka pande za Mlima Elgon, wakakaa nyanda za Kano karibu na Ziwa Victoria, wakafika Kabianga, ambayo leo imo katika Kaunti ya Kericho. Huko mimea na mifugo ilikataa kustawi, na inasimuliwa kuwa jina Kabianga latokana na kukataa huko. Ndipo wakasogea hadi kwenye milima waliyo nayo sasa. Kumbe mwenyeji wa leo ni mhamiaji wa jana! Neno mwenyeji, yaani mwenye mji, halielezi damu ya mtu. Laeleza uhusiano wake na mji.

Wanaotafuta makao Keroka leo ni wa namna nyingi. Wamo walimu na watumishi wa serikali waliostaafu, ambao mashamba ya baba zao yamegawanywa mara nyingi hata fungu la kila mwana halitoshi nyumba na ng'ombe mmoja. Wamo wafanyabiashara. Wamo pia waliotoka mbali zaidi, kama Minnesota huko Marekani, ambako Abagusii wengi wamefanya makao. Ukimuuliza kila mmoja anatafuta nini, atakwambia anataka utulivu, hewa safi, shule nzuri na watu wacha Mungu. Waadventista wamekuwa na misheni Nyanchwa, na Wakatoliki Nyabururu, tangu miaka ya 1910. Kwa hiyo aishikaye Sabato anajua kwamba huku hatakuwa peke yake siku ya Jumamosi.

Silaumu matakwa hayo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 39, inampa kila raia haki ya kuishi popote nchini, wala haimtaki atoe sababu. Isitoshe, ziko nyakati ambapo kuhama ni wajibu. Mzazi aliyekataa binti yake asikeketwe, na ambaye jamaa zake wanamwandama usiku na mchana ili desturi itimizwe, hana budi kumwondoa mtoto huyo mahali penye hatari. Ukeketaji ulipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2011, lakini desturi hiyo haijang'oka Gusii. Mzazi huyo hastahili kuambiwa kwamba mwacha asili ni mtumwa.

Ninachopinga ni ile dhana kwamba kufanana ndiko kunakoleta amani. Keroka yenyewe ni ushahidi. Huko kuna watu wa lugha moja, desturi moja, na kwa sehemu kubwa dini moja. Lau kufanana kungetosha, mji huo usingejua mzozo. Lakini tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, serikali za kaunti mbili zimevutana kuhusu mpaka na kuhusu ni nani mwenye haki ya kutoza ushuru sokoni. Mama anayeuza ndizi hana ugomvi na mwenzake wa upande wa pili wa mpaka. Hata hivyo, ndiye anayebeba mzigo wa ugomvi huo.

Kuna ushahidi mchungu zaidi. Mnamo Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, kina mama wanne wakongwe waliuawa na kuchomwa moto baada ya kushutumiwa kuwa wachawi. Hawakuwa wakiishi ugenini. Walikuwa kati ya watu wa lugha yao, katika vijiji ambamo kila mtu anajua ukoo wa kila mtu. Nawaomba wale wanaoota kijiji cha watu wanaowaza sawasawa walitafakari jambo hilo. Pale ambapo wote wanawaza sawa, ni nani atakayesimama kusema 'la' siku ambayo wote wamekosea?

Tuondoke sasa Keroka tuelekee mashariki, mwendo mfupi tu, hadi Borabu. Wakati wa ukoloni sehemu hiyo ilikuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu. Katika miaka ya 1960, kupitia mipango ya serikali ya kuwapa Waafrika makao, ardhi hiyo ilikatwa na kuuziwa familia za Abagusii zilizotoka sehemu na koo mbalimbali. Huku nyuma, ardhi yote ilikuwa ya ukoo, na jirani yako alikuwa ndugu yako utake usitake. Kule Borabu mtu alijikuta amepakana na mtu wa ukoo mwingine, ambaye labda babu zao walipigana vita. Hapakuwa na mzee mmoja aliyetambuliwa na wote. Ilibidi wajenge pamoja shule, makanisa na majosho ya ng'ombe, na wakubaliane jinsi ya kuzikana. Ujirani wao ulitokana na kazi hizo.

Hata hivyo, wazee wa Gusii walikuwa na neno la hali kama hii tangu zamani. Mgeni aliyepokelewa akakaa katika ardhi ya ukoo usiokuwa wake aliitwa omomenya, na wengi wao abamenya, yaani wakazi. Katika Ekegusii okomenya ni kuishi mahali, na okomanya ni kujua. Sidai kwamba vitenzi hivi vina asili moja; mwanaisimu hujihadhari na mifanano ya namna hiyo. Lakini aliyejifunza lugha hiyo hawezi kukosa kuona kwamba kati ya kuishi na kujua pana tofauti ya irabu moja tu. Katika Kikikuyu, kumenya ndiko kujua kwenyewe. Omomenya hakupokelewa kwa kuwa alifanana na wenyeji wake. Alipokelewa, kisha akajulikana kwa kukaa nao.

Upande wa pili wa Borabu ni Sotik, nchi ya Wakipsigis, na hapo msomaji ataniuliza: je, mpaka huo nao umetufundisha nini? Umetufundisha kwa uchungu. Mapigano yalizuka huko mwaka 1992, yakazuka tena mapema mwaka 2008 baada ya uchaguzi, na soko la Chebilat lililo mpakani likakumbwa na ghasia. Nchini kote watu 1,133 walipoteza maisha yao, kwa hesabu ya tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Abagusii wengi waliokuwa wakiishi Bonde la Ufa walirudi Kisii na Nyamira wakiwa mikono mitupu. Wao pia waliambiwa waende wakaishi na watu wanaofanana nao! Ushauri unaotolewa leo kwa sauti ya upole ulitolewa wakati ule kwa mishale na moto. Hata hivyo, ghasia zilipotulia, ndizi za Abagusii na maziwa ya Wakipsigis vilirudi kukutana sokoni, kwa sababu hakuna upande uliokuwa na vyote viwili.

Tusidhani kwamba ni sisi tu wenye tatizo hili. Huko Marekani, mwandishi wa habari Bill Bishop alichapisha kitabu mwaka 2008 kiitwacho The Big Sort, akieleza jinsi raia wa nchi hiyo walivyokuwa wakihamia mitaa ya watu wenye mawazo kama yao, kila mtu kwa hiari yake. Hoja yake ni kwamba waliojitenga hivyo huzidi kuwa wakali katika mawazo yao, na huzidi kutowaelewa wale wa upande mwingine. Kama taifa tajiri lenye historia ndefu ya sheria linapata hasara hiyo, sisi tutarajie nini?

Nifanyeje basi, atauliza yule ambaye tayari ameweka akiba ya kununua ploti Keroka. Ninunue, au nisinunue? Nunua, ndugu yangu. Hakikisha tu kwamba ardhi si ya mzozo, kwamba mke au mume wa muuzaji ameridhia, na, ikiwa ni shamba, kwamba bodi ya kudhibiti ardhi imetoa idhini. Kisha ujiulize maswali ambayo dalali hatakuuliza. Akifiwa jirani, nitaketi kwenye matanga au nitatuma pesa kwa simu? Chemchemi ya maji ikiziba, nitatoka na jembe? Mtoto wangu atajifunza lugha ya watoto atakaocheza nao, au nitamkataza nikihofia Kiingereza chake kitaharibika? Na siku umati utakapomzingira ajuza wa jirani ukimwita mchawi, nitafunga lango langu au nitalifungua?

Wahenga walisema kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huichukulia methali hii kuwa ni kejeli kwa mgeni mvivu. Mimi naiona kuwa ni heshima anayopewa: akishalipokea jembe, amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa wenye mji. Anayetafuta majirani wanaofanana naye atahama maisha yake yote. Aliyekubali jembe amehamia.