Saa za wafanyakazi ndiyo mali ghafi ya tangazo la mtandaoni

MFANYABIASHARA anayelipia tangazo la sekunde 15 lionekane kwenye simu za wateja wake huletewa ankara yenye mistari miwili mikubwa: gharama ya kutengeneza tangazo na gharama ya kununua nafasi. Upo mstari wa tatu ambao kwa kawaida hauandikwi, nao ni saa za watu wanaokaa na kazi hiyo tangu siku ya kwanza mpaka fedha za mteja zinapokwisha. Hesabu ya mstari huo ikikosewa, mnunuzi wa tangazo na mwenye hisa wa kampuni inayolitengeneza wote hupata hasara. Jambo hilo lilitokea waziwazi Tokyo, Japani, kati ya mwaka 2015 na 2017.

Kwanza tuone kazi yenyewe ilivyo.

Tangazo la gazeti lina mwisho. Maneno na picha hupelekwa kwa mchapishaji jioni, mtambo unazunguka usiku, na likishatoka hakuna awezaye kuligusa tena, hata kama bei imekosewa. Tangazo la mtandaoni halina mtambo wa kulifunga. Sehemu kubwa ya nafasi huuzwa kwa mnada unaofanyika kila mtu anapofungua ukurasa, kwa hiyo bei hupanda na kushuka kutwa kucha. Asubuhi takwimu za jana husomwa, dau la mnada hurekebishwa, picha isiyovuta watu huondolewa na nyingine huwekwa mahali pake. Mchana mteja anataka ripoti. Jumamosi na Jumapili mnada haufungwi.

Juu ya hayo kuna suala la maumbo. Tangazo moja hutakiwa liwe refu kwa ajili ya simu, la mraba kwa kurasa nyingine, na pana kwa skrini ya kompyuta. Mteja akitaka lugha mbili na bei za bidhaa tatu, tayari vipande vimefika 18. Akibadilisha namba ya simu ya duka saa kumi jioni, vyote 18 hurudi mezani kwa msanifu na kukaguliwa upya kimoja kimoja. Mteja huona amebadilisha tarakimu moja tu.

Hapo ndipo ubunifu unapobanwa. Zaidi ya miaka 80 iliyopita Mmarekani James Webb Young, aliyefanya kazi katika kampuni ya matangazo ya J. Walter Thompson, aliandika kitabu chembamba kuhusu namna wazo linavyopatikana. Kwa maelezo yake, wazo jipya ni mambo ya zamani yaliyounganishwa kwa namna mpya. Mbunifu hukusanya habari za bidhaa na za wanunuzi, akazitafakari mpaka akachoka, kisha akaiacha kazi hiyo kabisa na kushughulika na jambo jingine. Wazo humjia baadaye, pengine akiwa hana habari nalo, halafu hulinyoosha lifae kwa matumizi.

Hatua ya kuiacha kazi ndiyo ngumu kuuza. Hakuna mteja anayefurahia kulipia alasiri ambayo msanifu alikwenda kunywa kahawa (mwandishi huyu naye asingefurahi). Katika ofisi inayodaiwa ripoti kila asubuhi, hatua hiyo huwa ya kwanza kufutwa. Kinachobaki ni kuangalia tangazo la mshindani na kulibadilisha rangi, na ndiyo maana wauzaji watano wa bidhaa moja huweza kuwa na matangazo matano yasiyotofautiana.

Sasa tuje Tokyo. Dentsu, iliyoanzishwa mwaka 1901 na ambayo hisa zake ziliingia katika Soko la Hisa la Tokyo mwaka 2001, ndiyo kampuni kubwa kuliko zote za matangazo nchini Japani. Kwa miongo mingi wafanyakazi wake walipewa kanuni kumi zilizoandikwa na rais wa kampuni, Hideo Yoshida, mwaka 1951. Mojawapo iliwataka wasiiachie kazi waliyoishika hata kama ingewaua. Mwaka 1991 mfanyakazi wake wa miaka 24 alijiua baada ya muda mrefu wa kazi za usiku. Machi 2000 Mahakama ya Juu ya Japani iliona kampuni ina wajibu katika kifo hicho, na suluhu ikafikiwa kwa malipo ya takriban yeni milioni 168 kwa familia.

Wakati ule kazi ilikuwa ya vyombo vya zamani. Mtandao ulipokuja, biashara ilikua haraka kuliko idadi ya watu wa kuifanya. Aprili 2015 msichana aliyetoka Chuo Kikuu cha Tokyo aliajiriwa na akapangiwa idara ya matangazo ya mtandaoni. Kazi yake ilikuwa ile iliyoelezwa hapo juu: kukusanya takwimu, kuandaa ripoti, na kupendekeza namna ya kuboresha matangazo ya wateja. Alijiua siku ya Krismasi mwaka huo, naye pia akiwa na miaka 24.

Msomaji anayetunza vitabu vya biashara ataielewa sehemu inayofuata upesi. Makubaliano kati ya kampuni na chama cha wafanyakazi yaliweka kikomo cha saa za ziada 70 kwa mwezi. Katika kumbukumbu za kampuni, saa za msichana huyo zilikuwa 69.9 Oktoba na 69.5 Novemba. Ofisi ya kazi ya serikali ilipofanya hesabu yake ilikuta takriban saa 105 za ziada katika mwezi mmoja ulioanzia Oktoba 9. Vitabu vilikuwa safi. Mwaka 2016 ofisi hiyo ilitamka kuwa kifo chake kilitokana na kazi.

Septemba mwaka huo huo, wiki chache kabla habari ya kifo haijatangazwa, Dentsu iliitisha waandishi wa habari kwa jambo jingine. Ilikiri kwamba katika matangazo ya mtandaoni kulikuwa na kazi 633 zenye mashaka, zilizowagusa wateja 111, zenye thamani ya takriban yeni milioni 230. Matangazo mengine yalitoka katika siku ambazo hazikuagizwa, ripoti nyingine zilikuwa na takwimu za uongo, na machache hayakutoka kabisa ingawa mteja alitozwa. Kampuni ya magari ya Toyota ilikuwa miongoni mwa walioguswa. Uchunguzi wa mwisho, uliotolewa Januari 2017, ulishusha kiasi hicho hadi takriban yeni milioni 114 kwa wateja 96.

Mtu angedhani haya ni mambo mawili. Wakuu wa kampuni wenyewe, walipoulizwa sababu ya ankara hizo, walitaja upungufu wa watu katika idara hiyo. Kwa maneno mengine, mteja aliyeletewa ripoti ya uongo na mfanyakazi aliyekesha kuiandaa walikuwa wanalipia pengo moja. Kampuni ilikuwa imeuza saa ambazo haikuwa nazo.

Novemba 2016 wakaguzi wa kazi waliingia ofisini. Taa za makao makuu zilikuwa zimeanza kuzimwa saa nne usiku. Desemba rais wa kampuni, Tadashi Ishii, alitangaza kujiuzulu, na kanuni kumi zikaondolewa katika kitabu cha wafanyakazi. Oktoba 2017 mahakama ya Tokyo iliitoza kampuni faini ya yeni 500,000, kiasi kisichofika dola 5,000 za Marekani kwa bei ya wakati ule. Faini hiyo ilikuwa ndogo. Gharama yenyewe ilikuwa kuajiri watu zaidi na kupunguza saa za kazi kwa asilimia 20 hadi saa 1,800 kwa mwaka, lengo ambalo kampuni ilijiwekea kufikia mwaka 2019. Huo ndio mwaka ambao, kwa takwimu za Dentsu yenyewe, fedha za matangazo ya mtandaoni nchini Japani zilipita zile za televisheni kwa mara ya kwanza.

Kwa mwekezaji mdogo wa Afrika Mashariki habari hii haiko mbali. Scangroup iliingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2006, na baadaye WPP ya Uingereza ikachukua sehemu kubwa ya hisa zake. Anayesoma hesabu za kampuni ya namna hii asidanganywe na jumla ya fedha zilizopita mikononi mwake, kwa kuwa nyingi ni za wateja zikienda kwa wenye vyombo vya habari. Atazame mapato halisi, halafu mishahara ni sehemu gani ya mapato hayo. Katika biashara hii ni kawaida mishahara kuzidi nusu. Sehemu hiyo ikishuka ghafla huku kazi ikiongezeka, faida ya mwaka huo itapendeza, lakini inafaa kuuliza nani anafanya kazi ya walioondoka. Atazame pia wadaiwa. Kampuni ya matangazo hulipia nafasi leo na kungoja mteja kwa miezi, na mara nyingi anayengojeshwa pamoja nayo ni mhariri wa video au mpiga picha wa kibarua asiye na akiba.

Mnunuzi wa tangazo naye anayo mambo ya kudai kabla ya kutoa malipo ya awali. Akaunti ya kununulia nafasi ifunguliwe kwa jina la biashara yake, naye apewe ruhusa ya kuitazama wakati wowote, ili asitegemee ripoti iliyochapwa na mtu mwingine. Ajue pia nini kinahesabiwa. Kwa kipimo kilichokubaliwa Marekani mwaka 2014, tangazo la picha huhesabiwa kuwa lilionekana iwapo nusu yake ilikuwa kwenye skrini kwa sekunde moja, na la video kwa sekunde mbili. Kipimo hicho hakisemi kama kuna mtu aliyelisoma.

Aulize mtu atakayeshika kazi yake anahudumia wateja wangapi wengine. Bei ikiwa ya chini sana, jibu la swali hilo ndilo linaloeleza kwa nini. Mwenye mtaji mdogo akichagua vipande vinne vilivyofikiriwa badala ya 18 vya haraka, akaweka tarehe moja ya masahihisho na kuiheshimu, hununua saa zile zile kwa fedha zile zile, isipokuwa sehemu yake itatumika kutafuta wazo. Namba ya simu ya duka na iwe sahihi tangu siku ya kwanza.