Madalali wa Dawa Wabanwa: Yanayotokea Marekani Yanatuhusu



Katika ziara zetu za matawi, mashambani na viwandani, swali moja hatulikosi: kwa nini bei ya dawa hupanda wakati mshahara umesimama pale pale? Wengi hudhani kwamba katika nchi tajiri mfanyakazi hana shida hiyo. Sivyo. Marekani ndiyo nchi inayotumia fedha nyingi kuliko zote kwa matibabu, na huko nako wako wagonjwa wanaojipunguzia dozi ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Tumeona vema tueleze jinsi jambo hili linavyokwenda na jinsi serikali za majimbo zinavyopambana nalo, maana unyonyaji hauna mipaka.

DALALI HUYU NI NANI?

Wafanyakazi wengi wa Marekani hupata bima ya afya kwa mwajiri, au katika mfuko unaoendeshwa kwa pamoja na chama na waajiri. Lakini mara nyingi mwenye mfuko hashughuliki na dawa mwenyewe. Huajiri kampuni ya kati. Kampuni hiyo ndiyo inayopanga dawa zipi ziingie katika orodha ya bima, inayopatana bei na watengenezaji, na inayoyalipa maduka ya dawa. Haitengenezi hata kidonge kimoja. Ni dalali.

Madalali wakubwa ni watatu: CVS Caremark, Express Scripts na Optum Rx. Tume ya Biashara ya serikali ya shirikisho ilieleza Julai 2024 kwamba watatu hawa hushughulikia karibu vyeti 80 katika kila vyeti 100 vya dawa nchini humo. Kila mmoja wao yumo katika kundi moja na kampuni kubwa ya bima, na kila kundi lina maduka yake ya dawa. Yaani anayepanga bei, anayelipa na anayeuza ni wa nyumba moja.

WANAVYOKULA

Njia ya kwanza ni tofauti ya bei. Tuseme dalali anaudai mfuko wa wafanyakazi dola 20 kwa dawa fulani, kisha analilipa duka dola 12. Dola 8 zinabaki mfukoni mwake. Mfuko hauoni alicholipwa mwenye duka, na mwenye duka haoni ulichotozwa mfuko. Giza hilo ndilo mtaji.

Njia ya pili ni marejesho. Mtengenezaji humrudishia dalali sehemu ya bei ili dawa yake iwekwe katika orodha. Bei iliyotangazwa ikiwa kubwa, na marejesho huwa makubwa. Kwa hiyo dawa ya bei ya chini inaweza kuachwa nje! Mwaka 1923 wavumbuzi wa insulini, dawa ya ugonjwa wa kisukari, waliuza haki yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja. Lakini Septemba 2024 Tume ya Biashara, ilipowashtaki madalali hao watatu, ilisema kuwa insulini iitwayo Humalog ilikuwa dola 21 mwaka 1999, ikafika zaidi ya dola 274 mwaka 2017. Mgonjwa anayetakiwa kuchangia kwa kufuata bei iliyotangazwa ndiye anayeumia.

Madalali wanakana. Wanasema bei hupangwa na watengenezaji, na kwamba wao hupunguza gharama kwa kununulia watu wengi pamoja. Ni kweli kwamba mnunuzi mkubwa hupata bei nafuu. Sisi wa vyama tunalijua hilo, kwani ndiyo nguvu ya umoja. Swali ni moja tu: nafuu hiyo inamfikia nani?

MAJIMBO YAINGIA VITANI

Jimbo la Ohio lilitaka jibu la swali hilo. Mkaguzi wake wa hesabu alifungua vitabu vya mpango wa serikali wa matibabu ya watu wa kipato cha chini. Mwaka 2018 alitangaza kwamba katika mwaka mmoja tu madalali walibaki na tofauti ya dola milioni 224.8. Hiyo ilikuwa kodi ya wananchi.

Jimbo la Vermont lilitunga mwaka 2016 sheria ya kuwataka watengenezaji waeleze sababu za kupandisha bei. California ikafuata mwaka 2017: anayetaka kupandisha bei kupita kiwango kilichowekwa lazima atoe taarifa siku 60 kabla. Tena, mikataba mingine ilimkataza mfamasia kumwambia mgonjwa kuwa angelipa kidogo kama asingetumia bima. Majimbo mengi yalipiga marufuku ufungaji huo wa midomo, na Oktoba 2018 serikali ya shirikisho nayo ikafanya hivyo.

Vita kubwa ilipiganwa Arkansas. Sheria yake ya 2015 ilisema dalali asililipe duka chini ya bei ambayo duka lenyewe lilinunulia dawa. Chama cha madalali kikaenda mahakamani, kikitumia sheria ya shirikisho ya 1974 inayohusu mifuko ya mafao ya wafanyakazi. Tarehe 10 Desemba 2020 majaji wote 8 wa Mahakama ya Juu waliosikiliza kesi walikubaliana na jimbo.

Hata hivyo vita haijaisha. Sheria ile ile ya 1974 ilitumika kuangusha sehemu za sheria ya Oklahoma, na Juni 2025 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza rufaa ya jimbo hilo. Arkansas nayo iliwakataza madalali kumiliki maduka ya dawa. Julai 2025 jaji aliisimamisha sheria hiyo kabla haijaanza kutumika.

FUNZO KWETU

Mei 2019 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka serikali zitangaze bei halisi zinazolipa kwa dawa. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi zilizolileta azimio hilo. Basi siyo jambo la Wazungu peke yao.

Wajumbe wa matawi, mkikaa mezani na mwajiri kuzungumza juu ya matibabu, msiishie kuuliza mfanyakazi atakatwa kiasi gani. Ulizeni: dawa inanunuliwa kwa nani? Kwa bei gani? Kuna mtu wa kati? Yeye analipwaje? Punguzo likipatikana, linarudi katika mfuko au linaishia njiani? Na chama kina ruhusa ya kukagua vitabu? Majibu yaandikwe katika mkataba, maana ahadi ya mdomo haikaguliwi.

Mwizi hapendi taa. Tuiwashe.

Umoja ni nguvu!