Pwani ya Moroko: bahari si ziwa, na malaria inaweza kusafiri pamoja nawe

Wakongomani wanaofika Moroko ni wa namna nyingi. Kuna wanafunzi wenye bursi, kuna wafanyabiashara wanaofuata bidhaa za Casablanca, na tangu CAN ya 2025 kuna pia wafuasi wa Léopards ambao wameonja miji ya kule na wanataka kurudi. Wengi wa Goma na Bukavu hupitia Kigali ao Entebbe, wengine Kinshasa. Kazi ikiisha, wanabakiza siku tano ao saba za kupumzika kando ya bahari, na mji unaotajwa kwanza ni Agadir.

Kabla ya kuondoka watu huuliza bei ya hoteli, viza na baridi. Kuna maswali mawili yasiyoulizwa sana, na ndiyo yanayoweza kuharibu zaidi ya konje: maji yale yakoje, na ni kitu gani ninachobeba ndani ya damu yangu toka nyumbani?

Maji yanayorudi baharini

Aliyekulia Goma, Bukavu, Uvira ao Kalemie anajua maji. Anajua saa ambayo upepo wa ziwa unageuka, anajua pahali pa kuogelea na pahali pa kuacha, kama vile mtu wa Goma anavyojua mabonde yenye mazuku. Lakini ujuzi wa ziwa haumfikishi mtu mbali kwenye Atlantiki. Kivu na Tanganyika hazijai na kupwa. Kule Agadir, Essaouira ao Casablanca bahari inapanda na kushuka mara mbili kila siku, na mchanga ulioacha viatu vyako asubuhi unaweza kuwa chini ya maji saa ya chakula cha mchana. Watu wanaotembea chini ya miamba, kwa mfano kule Legzira karibu na Sidi Ifni, wanapaswa kuuliza kwanza saa za maji kujaa, ili wasijikute wamefungiwa kati ya ukuta wa mwamba na mawimbi. Miamba yenyewe si ya kuegemea sana: moja ya matao makubwa ya Legzira ilianguka mwaka wa 2016.

Hatari kubwa zaidi haina sura ya hatari. Mawimbi yanasukuma maji hadi ufuoni, na maji hayo lazima yarudi. Yanapata njia penye kina, kati ya vilima vya mchanga vilivyo chini, na yanarudi baharini kwa mkondo mwembamba wenye nguvu. Anayetazama toka mchangani anaona pahali patulivu pasipo povu, kati ya mawimbi mawili makubwa, na anasema: tuingie pale, pametulia. Ndipo penyewe.

Mkondo huo haumvuti mtu chini, unampeleka mbali. Anayekufa mara nyingi ni yule aliyechoka kwa kupigana nao, akitaka kurudi moja kwa moja ufuoni. Ukikamatwa, lala chali uelee, inua mkono, piga kelele. Ukiwa bado na nguvu, ogelea sambamba na ufuo, kuume ao kushoto, mpaka utoke kwenye mkondo, kisha rudi pale mawimbi yanapovunjika. Na ndugu anayetazama asijitupe majini mikono mitupu. Aite waokoaji, na amtupie mtu huyo kitu kinachoelea, hata bidoni tupu iliyofungwa vizuri.

Wakati wa kiangazi, waokoaji wa Protection civile wanalinda fukwe nyingi na kupandisha bendera: kijani ni ruhusa ya kuogelea, nyekundu ni marufuku, na rangi iliyo katikati inataka uangalifu, maana yake kwa asiye mwogeleaji hodari ni kubaki maji yakiwa magotini. Shida ni kwamba wengi wetu tunachukua konje mwezi wa kumi na mbili. Msimu huo waokoaji wengi wameondoka, na ndio mawimbi ya Atlantiki yanakuwa makubwa. Ndiyo sababu watu wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao wanajaa Taghazout, kaskazini kidogo ya Agadir, wakati wa baridi. Kijana anayewaona wakicheza asifikiri ni mchezo wa kujaribu siku moja bila mwalimu.

Mwenye watoto ana uchaguzi mwingine. Oualidia, kati ya El Jadida na Safi, ina wangwa uliokingwa na miamba, maji yametulia na chaza zinaliwa papo hapo. Saïdia, karibu na mpaka wa Algeria, iko upande wa Mediterania: maji ya mwezi wa nane huko ni ya uvuguvugu, na kujaa na kupwa ni kudogo sana. Hata ndani ya ghuba ya Agadir kwenyewe mawimbi ni ya upole kuliko fukwe za wazi za kaskazini yake.

Baridi, upepo na jua

Jambo linalowashangaza wageni ni baridi ya maji. Upepo wa kaskazini unasukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji baridi ya chini yanapanda kushika nafasi yake. Maji hayo yana chakula kingi cha samaki, ndiyo maana Moroko ina sardini nyingi hivyo, hata zile za kopo tunazonunua kwenye maduka yetu. Lakini kwa mwili wa mtu, maji ya Agadir ni ya kiasi cha digrii 16 ao 17 wakati wa baridi, na hayapandi sana juu ya 20 wakati wa joto. Mtu akijitupa ghafula anakosa pumzi na moyo unapiga mbio. Ingia pole pole, nyunyiza maji kifuani na shingoni kwanza.

Kwa wenye ugonjwa wa SS, jambo hili si la starehe tu. Baridi, kukosa maji mwilini na uchovu ni njia tatu za kuamsha maumivu makali, na safari ya pwani inaweza kuleta zote tatu katika siku moja: ndege usiku kucha, kutembea juani, kisha kuoga bahari baridi. Hakuna anayesema mtoto wa SS abaki nyumbani. Amuone munganga wake kabla ya safari, anywe maji tangu ndani ya ndege, avue nguo zilizolowa mara moja, na dawa zake za kila siku ziwe ndani ya mfuko wa mkononi, si ndani ya valizi inayoweza kupotea. Akitaka maji, achague maji ya moto ya piscine ao Mediterania ya mwezi wa nane.

Upepo nao unadanganya. Essaouira ni mji mzuri sana, na mji wake wa kale umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, lakini kuanzia mwezi wa nne hadi wa tisa upepo unapuliza karibu kila siku. Unaona baridi, huoni kwamba jua linakuchoma. Ngozi nyeusi inakawia kuungua, lakini inaungua, midomo na mabega kwanza. Ndugu zetu wenye ualbino wanahitaji kofia pana, mikono mirefu na krimu ya jua kali, na wapange kutoka asubuhi na jioni. Kuna siku nyingine ambapo upepo unageuka na kutoka jangwani, wanauita chergui. Tarehe 11 mwezi wa 8 mwaka wa 2023 Agadir ilipimwa digrii 50,4. Siku ya namna hiyo mtu anabaki kivulini na kunywa maji, mambo ya matembezi yanangoja.

Homa ya siku ya sita

Sasa tufike kwenye damu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka wa 2010 kwamba Moroko haina tena malaria ya kienyeji. Kwa mtalii wa Ulaya hii ni habari njema tu. Kwa mtu aliyetoka Kivu, Ituri, Maniema ao Tanganyika, ina upande wa pili. Mbu aliyekuuma Uvira siku ya Jumapili hahitaji pasi. Vimelea vinakaa kimya ndani ya ini, na homa inaanza siku saba hadi kumi na nne baadaye, mara nyingine baada ya wiki kadhaa, wakati wewe unakunywa chai ya nana mbele ya bahari.

Hapo ndipo kosa linapofanyika. Mtu anatetemeka, kichwa kinauma, anatapika. Anasema ni baridi ya bahari, ni mafua ya ndege, ni sardini za jana. Munganga kijana wa kule, ambaye pengine hajaona mgonjwa wa malaria tangu masomo, anaweza kufikiri hivyo hivyo na kumpa paracetamol. Malaria ya kwetu, ile ya falciparum, inaweza kugeuka kuwa kali ndani ya siku moja ao mbili, na kwa mtoto ao mama mwenye mimba hata siku hizo ni nyingi.

Kwa hiyo maneno ya kwanza ukiingia hospitali yasiwe juu ya maumivu. Yawe: nimetoka Congo, kuna malaria, naomba goutte épaisse. Kifaransa kinaeleweka kwa wanganga na farmasi za Moroko, na hii ni faida yetu kubwa, tuitumie. Usikubali kurudi hotelini kabla damu haijapimwa. Kama kipimo cha kwanza hakionyeshi kitu na homa inaendelea, omba kirudiwe kesho yake. Wengine hubeba dawa za ACT ndani ya mfuko. Si vibaya, lakini munganga wa nyumbani ndiye akuandikie na kukueleza, na hazichukui nafasi ya kipimo.

Usiku na siku za mapumziko, tafuta neno “pharmacie de garde”: ni farmasi zinazobaki wazi kwa zamu, na orodha hubandikwa kwenye milango ya farmasi zilizofungwa. Ambulansi na wazima moto huitwa kwa 15, polisi mjini 19, jandarmeri nje ya miji 177. Kliniki za watu binafsi zinaweza kudai feza mbele ya matunzo, basi asiransi ya safari isomwe kabla ya kupanda ndege, siyo kitandani.

Tansio, sukari na hammam

Chai ya Moroko ni tamu, tena tamu sana, na kila nyumba itakumiminia. Mwenye ugonjwa wa sukari aombe bila aibu iletwe sukari kando. Mwenye tansio asikatize vidonge kwa sababu anajisikia vizuri. Saa ya Moroko iko nyuma ya Goma kwa saa moja tu kwa sehemu kubwa ya mwaka, hakuna kisingizio cha kuchanganya.

Hammam, nyumba ya mvuke, ni raha ya kweli: sabuni nyeusi, kitambaa kigumu cha kusugulia, na mtu anatoka mwepesi. Lakini chumba cha mwisho kina joto linaloshusha tansio ghafula. Wenye moyo dhaifu na wenye mimba wasiingie bila ruhusa ya munganga, na wengine wasikae humo muda mrefu, wasiingie baada ya pombe, na wainuke pole pole. Kwa tumbo, samaki wa kuchomwa mbele yako ni salama kuliko saladi iliyokaa. Kama kuhara kumeanza, serum ya kunywa inapatikana farmasi yoyote.

Kichwa nacho kipumzike

Kuna Wakongomani wanaorudi toka konje wamechoka kuliko walivyokwenda. Siku saba, miji sita. Agadir hadi Essaouira ni karibu saa tatu za gari, Agadir hadi Marrakech vilevile, na treni haifiki Agadir. Mimi naona mji mmoja unatosha. Asubuhi mapema kwenye barabara ya miguu ya Agadir utakuta wazee wanatembea na vijana wanakimbia. Jioni familia nzima zinakaa hapo na thermosi ya chai, hakuna anayeharakisha. Kuwaiga ni bure.

Simu ndiyo ngumu. Kwa jamaa wengi nyumbani, Moroko ni mlango wa Ulaya, basi uko Ulaya, na maombi ya feza yanaanza siku ya kwanza. Zito zaidi ni habari za mashariki ya nchi. Mtu amelala juu ya mchanga, lakini kila dakika tano anafungua WhatsApp kuona kama risasi zimesikika upande wa kwao. Hakuna munganga anayeweza kumwambia mtu asiwaze watu wake. Wengine wamepata msaada kwa kupatana na ndugu mmoja: huyo apige simu saa moja ya jioni, na apige saa yoyote kukiwa na jambo la haraka. Makundi mengine yanyamazishwe. Usingizi unarudi.

Na wanafunzi waliokaa Rabat ao Fès miaka miwili, mitatu, wakirudi Bukavu kwa konje, wanakuta hesabu imegeuka. Kinga ya malaria ambayo mwili ulijijengea tangu utoto imepungua. Walale chini ya chandarua tangu usiku wa kwanza, wamuulize munganga juu ya dawa za kujikinga kabla ya kupanda ndege, na homa yoyote ipimwe siku ile ile, hata kama mama anasema ni uchovu wa safari.