Kansa ya damu: mkono badala ya nyonga

Ukimsikia mtu anasema "wamenitoboa mfupa", usidhani anatia chumvi. Kupimwa uboho maana yake daktari anakupiga ganzi nyuma ya nyonga, anapenyeza sindano nene mpaka ndani ya mfupa, kisha anavuta. Ganzi inatuliza ngozi na juu ya mfupa. Ule mvuto wa ndani unausikia. Si mchezo, hasa ukijua kuna siku utarudia.

Kwa kansa ya damu iitwayo CML, siku hizi ufuatiliaji unafanyika zaidi kwa damu ya mkononi. Mwaka 1960, mjini Philadelphia, Marekani, Peter Nowell na David Hungerford waliona kromosomu fupi ajabu kwenye seli za wagonjwa. Mwaka 1973 Janet Rowley akaonyesha kwamba kromosomu namba 9 na 22 zimebadilishana vipande. Hapo ndipo inapozaliwa jini mbovu, BCR-ABL, na kipimo cha PCR kinaikamata kwenye damu ya kawaida hata ikiwa kidogo sana.

Mgonjwa anayemeza dawa kama Glivec, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, hupimwa kila baada ya miezi 3. Lengo ni asilimia 10 au chini ya hapo ndani ya miezi 3 ya mwanzo, na 0.1 baada ya mwaka. Namba ikipanda, swali la kwanza ni hili: unameza vidonge kila siku? (Wenza, hapa msiulizane kipolisi.)

Namba hiyo inaamua hata habari ya mtoto. Dawa inaweza kudhuru mimba, na Afrika wengi wanaougua CML ni vijana kuliko wa Ulaya. Mwanamke asiache dawa kimyakimya eti anatafuta ujauzito. Namba ikikaa chini sana kwa miaka, daktari anaweza kuisimamisha huku akipima damu kila mwezi. Katika utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2010, takriban 4 kati ya 10 walioacha dawa hawakurudiwa na ugonjwa. Waliorudiwa, wengi ilikuwa ndani ya miezi 6, na dawa iliwasaidia tena.

Habari njema nyingine: mashine ya GeneXpert, ileile ya kupimia kifua kikuu, nayo inapima BCR-ABL kwa kutumia katriji yake maalumu, majibu baada ya saa chache.

Ila sindano ya nyonga haijastaafu. Ugonjwa unapogunduliwa bado uboho huchukuliwa, na kwa mayeloma damu ikionekana safi, mfupa unaweza kuwa bado unaficha seli mbaya.